Kuanza uhandisi chuo kidogo, kisha kuhama

Umeuliza kama uanze uhandisi wa mitambo kwenye chuo kidogo, halafu uhamie kikubwa mwaka wa pili au wa tatu. Inawezekana, ila anzia mwisho: chagua kwanza chuo unachotaka kuhamia, waombe orodha ya masomo wanayoyapokea kutoka vyuo vingine, ndipo ujisajili huko unakoanzia.

Wengi hukwamishwa na mfuatano wa masomo. Bila kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) huingii mekanika, yaani somo la kani na mwendo. Bila mekanika ya vitu vilivyotulia huingii ile ya mwendo, wala uimara wa mata, yaani jinsi vifaa vinavyohimili mizigo. Kwa hiyo somo moja tu likikataliwa na chuo unachohamia laweza kukurudisha nyuma mwaka mzima, hata kama mengine yote yamepita. Tunza muhtasari wa kila somo: mada, saa za maabara, kitabu kilichotumika. Fizikia isiyo na maabara ni rahisi sana kukataliwa.

Na hizo kauli za "usijali, watakupokea" usizihesabu. Dai makubaliano ya maandishi kati ya vyuo hivyo. Binafsi ningekwenda chuo kidogo bila wasiwasi, kwani mhadhiri anayekujua kwa jina ndiye atakayekuandikia barua nzuri ya mapendekezo. Ufadhili wako unahamishika lakini? Ulizia mapema.