Re: Empire State au Top of the Rock, na nipande saa ngapi?

Mkuu, kama bajeti yako ni ya tiketi moja tu hapo New York, mimi ningekwenda Top of the Rock, sehemu ya kutazamia mji iliyo juu ya jengo pale Rockefeller Center. Ukiwa juu ya Empire State Building huwezi kuiona yenyewe, na ndiyo jengo ambalo kila mtu anataka litokee kwenye picha! Kutoka Rockefeller unaliona lote upande wa kusini, na ukigeukia kaskazini Central Park imetandazwa mbele yako. Ghorofa ya 70 iko wazi, hakuna kioo. Empire State nayo ina roshani ya wazi ghorofa ya 86, ila imezungushiwa uzio wa vyuma. Lenzi ya simu inapenya, kamera kubwa itakusumbua.

Muda: ingia kama saa moja kabla ya jua kuzama. Unapata mwanga wa jioni, kisha taa za mji zinaanza kuwaka, yote kwa kiingilio kimoja. Tatizo ni kwamba muda huo unagombewa, kwa hiyo kata tiketi mapema.

Ukilazimika kupiga picha nyuma ya kioo, zima flashi na ibandike lenzi kabisa kwenye kioo, la sivyo utapiga picha ya taswira yako mwenyewe kwenye kioo. Stendi ya kamera iache, hawairuhusu. Beba koti hata kama chini kuna joto, upepo wa kule juu hauna mzaha.

Na kama ukiwa mtaani huoni vilele vya maghorofa, ukungu umeshakuharibia.