Casparini wa Vilnius: Mwitaliano?

Umeuliza kama Casparini, fundi wa kinanda cha mabomba cha Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, alikuwa Mwitaliano. Hapana ndugu, jina tu ndilo linakudanganya. Babu yake, Mjerumani, ndiye aliyefanya kazi miaka mingi Italia akarudi anaitwa Casparini. Mjukuu Adam Gottlob Casparini (1715–1788) alikuwa na karakana Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi), na kinanda cha mabomba unachouliza, kile cha Kanisa la Roho Mtakatifu jijini Vilnius, ni kazi yake ya 1776. Kina safu mbili za vibonyezo vya mikono na moja ya miguu. Uzuri wake ni kwamba hakikuchokonolewa sana na mafundi waliofuata (vingi vya rika lake havikupona hivyo!), ndiyo maana watafiti wa Gothenburg, Sweden, walikipima kila kipande wakaunda kinanda pacha kwa ajili ya Rochester, New York, kilichozinduliwa 2008.