Kamera za kale Jinja: adui wa kwanza ni unyevu

Kamera yangu ya kwanza ya kale niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa Yashica Mat 124G, ile yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo mpiga picha huishika kifuani na kuinamia kioo cha juu. Niliinunua kwa mjane wa mpiga picha mmoja hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda. Ilikuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi. Mfuko ule niliupenda mno, nikaupaka rangi ya viatu mpaka ukang'aa, nikairudisha kamera ndani, nikafunga kifungo na kuuweka juu ya kabati la nguo. Huo ulikuwa mwezi wa Machi. Juni, mvua zilipokwisha, nikaitoa kumwonyesha mgeni. Lenzi ya chini, ambayo ndiyo inayopiga picha, ilikuwa imeota nyuzi nyeupe kutoka ukingoni kuelekea katikati, nyembamba kama mizizi ya mche wa mahindi.

Ile ni kuvu. Huishi kwa vumbi na mafuta ya vidole, na ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula utando wa rangi uliopakwa juu ya lenzi. Fundi aliifungua, akaisafisha vizuri kabisa, lakini alama zimebaki mpaka leo.

Ninaanza na jambo hili kwa sababu mafundisho mengi ya kukusanya kamera yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na wao husisitiza kununua. Sisi wa Jinja tuna ziwa upande huu na Nile upande ule, na kuanzia Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba, hata chumvi jikoni hulowa. Hapa kazi kubwa ni kutunza. Mfuko wa ngozi uweke mbali na kamera, hata kama ni mzuri kiasi gani, kwani ngozi hunyonya maji ya hewani na kuyahifadhi pale pale lenzi ilipo.

Mimi sasa natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Chini naweka chembe za silika, zile zinazokuja katika vipakiti vidogo ndani ya maboksi ya viatu vipya, ila nanunua za rangi ya chungwa ambazo zikishiba maji hugeuka kijani. Zikigeuka, nazikausha kwa moto mdogo kwenye karai lisilopikiwa chakula. Ndani ya ndoo kuna kipima unyevu kidogo, nacho nataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Ukivuka 60 kwa muda mrefu, unaikaribisha kuvu. Ukikausha kupita kiasi nako, ngozi ya kamera hukakamaa na kubanduka. Mchele usiweke, una vumbi lake. Na angalau mara moja kwa wiki itoe kila kamera, itege, ifyatue, ipate mwanga na hewa.

Jua la asubuhi husaidia lenzi ambayo kuvu ndiyo kwanza inaanza. Lakini tahadhari: kamera ambayo shata yake, yaani kile kifungua na kufunga njia ya mwanga, ni pazia la kitambaa, kama Leica za zamani au Zorki, usiielekeze juani ikiwa lenzi haijafunikwa. Lenzi hukusanya miale na kutoboa pazia kwa dakika chache tu. Tundu hilo utaliona kama doa jeupe kwenye kila picha.

Tukifika kwenye kununua, hapa kwetu kamera hizi hutazipata dukani. Mjini Jinja studio nyingi zilikuwa za Wahindi, mpaka mwaka 1972 Amin alipowapa siku 90 waondoke. Wengine wakaendelea na kazi hiyo, halafu zikaja kamera za dijitali na simu. Vyombo vikaingia chini ya vitanda. Kwa hiyo nenda kwa wazee, au kwa wajane wao, na usitangulize pesa. Mimi kwa yule mama nilikwenda mara tatu kabla ya kutaja bei. Mara ya pili ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, mkanda wake bado unatengenezwa?" Nikamwambia ndiyo, Hajati, mkanda wa filamu wa aina ya 120 upo tangu 1901 na bado viwanda vinautoa, unapiga picha 12 za mraba. Akanyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani kuileta. Swali lile ujiulize na wewe kabla ya kununua. Kamera za mkanda wa 620 ni nyingi na ni nzuri kuzitazama, lakini Kodak iliacha kuutengeneza mkanda huo mwaka 1995, na kuzitumia leo lazima uhamishe mkanda wa 120 kwenye kigurudumu cha 620 gizani.

Ukishaishika, isikilize. Tega shata, weka kasi ya sekunde moja, sogeza sikio, ufyatue. Shata nzima hulia "tzzzzzz" kwa mfululizo, kama saa ndogo inayokimbia, halafu ikafunga kwa "tak". Ikisita katikati, ikivuta, au ikibaki wazi, grisi ya ndani imekauka na utahitaji fundi. Fundi wa saa mwenye subira anaweza kazi hiyo. Usikubali mtu akupulizie mafuta ya cherehani ndani, yatasambaa kwenye mabawa ya shata na kuyagandisha. Kijiti cha kujipiga picha mwenyewe kwenye kamera ya lenzi mbili usikiguse kabisa, hukwama na kuifunga shata nzima. Kisha fungua mgongo, weka kasi ya B, shikilia shata ikiwa wazi na umulike tochi kwa pembeni. Kuvu hujificha kwenye mwanga wa moja kwa moja na hujitokeza ukimulika kwa mshazari.

Kipima mwanga kikiwa kimekufa, kisikuvunje moyo. Yashica ile ilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35, na hizo hazitengenezwi tena. Mimi hupima kwa simu.

Na ukiletewa "Leica" ya rangi ya dhahabu yenye nembo za jeshi la Ujerumani, fungua lenzi utazame ndani. Kwenye Leica halisi, mkono unaoguswa na lenzi una kigurudumu kidogo mwishoni. Ukikuta ulimi bapa, hiyo ni FED ya Kharkiv au Zorki ya Krasnogorsk, nakala za Kisovieti za Leica, iliyochongwa upya. Zorki ni kamera njema, lipa bei ya Zorki, na usibadilishe kasi yake kabla ya kuitega.

Ile Yashica bado ninayo. Ukiielekeza kwenye mwanga, picha hupauka kwa sababu ya zile alama. Jua likiwa mgongoni mwako, picha hutoka safi. Hivyo ndivyo nilivyompiga Hajati mlangoni kwake asubuhi, nikamsafishia picha mwenyewe, nikampelekea. Siku hiyo akanipa makopo mawili ya negativu za marehemu. Kopo la kwanza lilinuka siki, maana yake plastiki imeanza kuoza, kwa hiyo nalitenga na mengine na nimeanza kuzinakili. La pili sijalifungua. Nangoja mvua hizi zipungue.