Mlipuko wa ugonjwa ukiingia nyumbani, muangalie kwanza mzee asiyelalamika

Julai 2021, kwetu Mbagala, wazazi wangu waliugua UVIKO-19 (korona) katika wiki ileile. Mama, miaka 66, alisema tangu siku ya kwanza: mwili unauma, kifua kinabana, leteni uji. Baba, miaka 72, kila ukimuuliza anajibu, "Sijambo, mwanangu." Basi sote tukahangaika na mama, nyungu asubuhi, nyungu jioni. Siku ya sita nilimkuta baba ameketi kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu. Tukakimbia naye hospitali usiku uleule. Siku ya tatu baada ya hapo tulimzika.

Mama yupo mpaka leo.

Kumbe kwa UVIKO-19 umri ndio uliokuwa na uzito kuliko yote. Mimi niliyekuwa nagombania daladala za Kariakoo kila siku niliumwa mafua tu. Nadhani mimi ndiye niliyewaletea. Na jinsia nayo ina lake. Uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 3 duniani, uliochapishwa 2020, ulionyesha wanaume na wanawake waliambukizwa karibu sawa, lakini uwezekano wa mwanaume kulazwa kwa wagonjwa mahututi ulikuwa karibu mara 3. Kinga ya mwili ya mwanamke kwa kawaida hupambana na virusi vizuri zaidi. Ongeza sigara, ongeza presha. Baba alikuwa na vyote viwili.

Ila usikariri. Kipindupindu kilipolipuka hapa Dar Agosti 2015, wa kukimbiliwa kwanza alikuwa mtoto mdogo, maana hukaukiwa maji ndani ya saa chache. Homa ya mafua ya 1918 iliua sana watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu zao. Kwa hiyo ukisikia mlipuko, uliza mapema: huu unaua nani zaidi? Kisha hesabu walio nyumbani kwako.

Kama ni ugonjwa wa kifua, nunua kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kikisoma 95 kwenda juu, vizuri. Chini ya 90, usisubiri kupambazuke. Huna kipimo? Usimuulize mzee anajisikiaje. Mwombe atembee mpaka getini na kurudi, huku unamtazama kifua. Baba yangu asingefika.