Ukungu mweupe wa grauti kwenye taili mpya za bafu
Pole dadangu, najua yakera, fundi keshalipwa keshaenda zake na taili mpya ziko kama zimepakwa unga, wapangusa zikikauka ukungu usharudi. Taili si mbovu, hiyo ni simiti ya grauti, ile ya kujazia mistari kati ya taili, imebaki juu. Wasema alimaliza juzi, basi ipe kama siku 10 ikauke sawasawa. Kisha siki nyeupe kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji vuguvugu, lakini kwanza rowesha ukuta kwa maji matupu ili ile mistari isinywe siki ikaanza kulika. Sugua kwa sponji laini kipande kidogo kidogo, suuza hapo hapo, usiache ikaukie. Na tafadhali usisuuzie maji ya kisima, haya yetu ya chumvi yakikauka yaacha weupe wake utadhani hujafanya kitu, nunua hata mtungi 1 wa maji matamu halafu ukaushe na kitambaa. Ikiwa taili ni za jiwe halisi la marumaru, siki usiguse kabisa, itababua. Na usichanganye siki na Jik, ile dawa ya klorini ya kutoa madoa, ule moshi wake ni sumu, na bafu lenyewe dirisha dogo!