Kugusa mpira ligi ndogo, kutamba Ligi Kuu? Maswali yenu ya besiboli

Swali: Naishi Columbus, Ohio, na wanangu wanapenda niwapeleke kuwatazama Clippers, timu yetu ya ligi ndogo, ambako vijana huandaliwa kwa Ligi Kuu. Nitamjuaje kijana atakayefika Ligi Kuu?

Usikimbilie wastani wake wa kugonga, yaani ni mara ngapi anapiga mpira akafika bezi salama, ndugu yangu. Hesabu ni mara ngapi anarudi benchi kwa straiki tatu (straiki ni mpira alioukosa kwa gongo, au mzuri aliouacha upite). Mchezaji anapopanda daraja, tarakimu chache hubaki naye kama hiyo. Na mfano mzuri ulipita hapo hapo kwenu: Steven Kwan. Mwaka 2021, akichezea Akron kisha Columbus, alisimama kupiga mara 341 akatolewa kwa straiki mara 31 tu. Mwaka uliofuata Cleveland wakampandisha Ligi Kuu: alisimama kupiga mara 638, akatolewa kwa straiki mara 60. Asilimia 9 ya huko chini ikabaki asilimia 9 huko juu, wakati wastani wa Ligi Kuu nzima siku hizi ni kama 22. Tena alipoanza huko juu, katika mipira 116 ya kwanza aliyorushiwa hakuna hata mmoja aliourushia gongo akakosa.

Swali: Kwani wastani wa kugonga una ubaya gani?

Mpira ukishatoka kwenye gongo, bahati nayo inaingia uwanjani: mdakaji kasimama wapi, nyasi zikoje, upepo unavuma kwenda wapi. Halafu kuna viwanja kama cha Albuquerque, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unapaa, na mipira inayorushwa ipinde haipindi vizuri. Kijana anagonga .320 pale (mara 32 katika kila 100), mashabiki wanaanza kumtafutia jezi! Straiki tatu ni shauri la watu wawili tu, mrushaji na mpigaji.

Swali: Mbona Nick Madrigal aligusa kila kitu na hakuwa nyota?

Swali zuri kuliko yote ya wiki hii. White Sox wa Chicago walimchagua wa 4 katika uteuzi wa vijana wa mwaka 2018, na msimu wa 2019 katika ligi ndogo alitolewa kwa straiki mara 16 tu katika mara 532. Asilimia 3! Lakini homu rani zake zote za Ligi Kuu (mapigo yanayovuka uzio) hazijafika hata 10. Warushaji wa kule wakishajua kwamba huwezi kuwaumiza, wanarusha mpira katikati bila woga, na bezi ya bure, ile ya mipira minne mibaya, hupewi kirahisi. Kuna jingine ambalo watu hulisahau: kugusa mpira mbaya nako ni hasara. Ule wa pembeni ambao mwenzako angeuacha upite, wewe unaugusa, unabingirika taratibu hadi kwa mdakaji, umekwisha.

Mlinganishe na Luis Arraez, ambaye naye hana misuli ya kutisha. Yeye anajua kuupitisha mpira juu ya vichwa vya wadakaji wa ndani na kuuangusha kabla ya wale wa nje. Ameongoza ligi kwa wastani wa kugonga mwaka 2022, 2023 na 2024, kila mara akiwa na timu tofauti: Twins, Marlins, Padres. Kwa hiyo mimi, nikishaona kijana anagusa, nauliza mpira unaenda wapi baada ya hapo.

Swali: Na Aaron Judge je?

Huyo ndiye anayewaumbua wapiga ramli wote. Mwaka 2016 katika AAA, daraja la juu kabisa la ligi ndogo, alitolewa kwa straiki mara 98 katika mechi 93. Mwaka 2017 akiwa na Yankees wa Ligi Kuu, alitolewa kwa straiki mara 208, lakini pia homu rani 52 na bezi za bure 127. Ukiwa na nguvu kama zile na jicho la kuacha mipira mibaya, utasamehewa mengi. Wenye nguvu bila jicho ni wengi, na wengi wao huishia AAA.

Swali: Umri una maana?

Sana. Mwenye miaka 19 anayegusa mpira vizuri daraja la AA, moja chini ya AAA, namwamini kuliko wa miaka 26 anayetamba AAA.

Swali: Kuna Mwafrika aliyepita njia hii?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza Ligi Kuu, tarehe 26 Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates. Mara yake ya kwanza kupiga, aligonga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika bezi ya kwanza. Ila tarakimu zake za ligi ndogo zilijaa straiki. Kilichompandisha ni glavu, yaani ustadi wake wa kudaka.