Shahidi wa ghafla mlangoni: sizoni zipi zinaonyesha mahakama ilivyo?

SWALI: Shikamoo wakili. Nipo kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Lugha), na nataka kusomea sheria. Naangalia sana sizoni za mahakamani. Kila kesi ikikaribia kushindwa, mlango unafunguliwa, anaingia shahidi ambaye hakuna aliyemtegemea, mambo yanageuka. Je, kisheria inawezekana? Wewe uliye kazini ungenishauri niangalie zipi? Na ile nyundo ya jaji, hapa kwetu ipo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nianze na shahidi wako wa mlangoni, maana ndiye anayenifanya nibishane na televisheni mbele ya wanangu.

Kwa Tanzania kesi ya mauaji haidondoki Mahakama Kuu siku moja. Inaanzia mahakama ya chini, kule unakosikia kwenye taarifa ya habari kwamba "upelelezi haujakamilika" na kesi imeahirishwa tena. Upelelezi ukishakamilika, kabla kesi haijahamishiwa Mahakama Kuu, maelezo ya mashahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, yanasomwa mshtakiwa akiwa anasikiliza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa hatua hiyo, upande wa mashtaka hauwezi kumwita baadaye mpaka utoe notisi ya maandishi, tena ya muda wa kutosha, kwa mshtakiwa au wakili wake. Kwa hiyo yule mama anayeingia akihema na bahasha mkononi, hapa kwetu ataambiwa akae nje kwenye benchi, na mimi nitakuwa nimeshasimama kuweka pingamizi.

Mshtakiwa naye hana ruhusa ya kuvizia. Akitaka kujitetea kwamba siku ya tukio alikuwa Kigoma kwa shangazi yake, anatakiwa atoe taarifa mapema. Akiibuka nayo wakati wa kujitetea, mahakama inaweza isiipe uzito wowote. Hata Marekani, zinakotoka sizoni nyingi unazoangalia, pande mbili kwa kawaida hupeana nyaraka na majina ya mashahidi kabla ya kesi kusikilizwa. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko katika kesi ya Brady, mwaka 1963, mwendesha mashtaka wa kule analazimika kumkabidhi mshtakiwa hata ushahidi unaomsaidia mshtakiwa huyo. Mlango huo unafunguliwa na waandishi wa tamthilia, siyo na karani wa mahakama.

Sasa za kuangalia. Kipimo changu ni kimoja: je, sizoni inanionyesha kitu kilivyotoka eneo la tukio mpaka kikafika kwenye meza ya mahakama? Kelele za mawakili zinakuja baadaye sana.

Kwa kipimo hicho, anza na The Night Of ya HBO, televisheni ya Marekani, ya mwaka 2016. Ina sehemu nane tu, utaimaliza likizo. Kijana wa New York anachukua teksi ya baba yake usiku, anaamka kwenye nyumba ya msichana aliyeuawa kwa kisu. Kijana ana pumu, na inhela yake imebaki ndani ya nyumba ile. Mpelelezi anaiokota, anampelekea mahabusu, anampa mkononi. Ukiangalia haraka utasema huyu mzee ana roho nzuri. Simamisha hapo urudie. Kile ni kitu kutoka eneo la mauaji, hakikufungwa kwenye bahasha, hakikuandikishwa, kimeishia mfukoni mwa mtuhumiwa. Baadaye mpelelezi yuleyule yuko kizimbani cha mashahidi na wakili wa utetezi anamuuliza habari za inhela. Hapo ndipo maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, yanapopata kazi.

Hapa kwetu tunaita mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: nani alikamata, alimkabidhi nani, lini, kwa maandishi gani. Mimi nimewahi kutetea kesi ambayo simu ilikamatwa Jumanne, ikaonekana kwenye daftari la stoo Ijumaa. Nilimuuliza shahidi swali moja tu, Jumatano na Alhamisi simu ililala wapi. Akanyamaza, akamwangalia mwendesha mashtaka, akaomba maji.

Ya pili ni The Wire, HBO hiyohiyo, 2002 hadi 2008, misimu mitano. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari wa Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi mjini humohumo. Inaonekana. Msimu wa kwanza polisi wanataka kusikiliza simu za vibandani zinazotumiwa na wauza unga. Kwanza wanapaswa kumshawishi jaji kwamba njia za kawaida zimegonga mwamba. Wakipata kibali, askari mmoja anapanda juu ya paa kuthibitisha kwa macho kwamba anayeongea ni mtu wanayemtafuta, ndipo mwenzake avae spika za masikioni. Mazungumzo yakihamia kwenye mambo ya nyumbani, wanatakiwa wakate. Ni kazi ya kuchosha, na sehemu tatu za kwanza utasinzia. Vumilia. Kiingereza cha mitaa ya Baltimore nacho kigumu, washa maandishi chini ya skrini, mimi pia niliwasha.

Kuhusu kukiri kosa polisi, tafuta When They See Us ya mwaka 2019, sehemu nne, iliyotokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyebakwa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 1989. Vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walihojiwa kwa saa nyingi, wakatiwa hatiani. Mwaka 2002 hukumu zikafutwa baada ya mhusika halisi kukiri na vinasaba kumthibitisha. Ukiiangalia, kumbuka kwamba sheria yetu inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na akihitaji zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Ndiyo maana ukija kortini utakuta tunabishana nusu siku juu ya saa iliyoandikwa kwenye maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa, watu wa nyuma wanapiga miayo.

Better Call Saul iangalie kwa ajili ya ofisi. Kuna mahali mawakili wanaunganisha vipande vya karatasi zilizopitishwa kwenye mashine ya kuchanachana, kimoja kimoja. Hiyo ndiyo sheria ninayoijua mimi. Suits ni ya suti kweli: kijana asiye na shahada ya sheria anafanya kazi ya uwakili, yaani kishoka, na tunaombwa tumshangilie. CSI ni burudani. Majibu ya maabara hayatoki kabla chai haijapoa.

Za kwetu usizidharau. Crime and Justice ya Kenya, 2021, ina wapelelezi wanaotembea Nairobi unayoitambua. Na Vioja Mahakamani ya KBC, ingawa ni vichekesho, ilizoesha vizazi kusikia hakimu, mshtakiwa na mwendesha mashtaka wakizungumza Kiswahili, wakati hapa Tanzania sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za ngazi zote imekuja mwaka 2021 tu.

Ombi moja: usiangalie hizi sizoni kwenye nakala zilizotafsiriwa. Nilikuta moja kwa kinyozi wangu, jamaa anayetafsiri anamwita jaji, mwendesha mashtaka na mpelelezi wote "afande". Nikanyolewa nikiwa na hasira.

Nyundo: hata Uingereza, tulikorithi mfumo wetu, majaji hawaitumii, na mimi miaka yangu yote kortini sijaisikia ikigongwa. Hakimu wa kwanza niliyesimama mbele yake alikuwa anaandika ushahidi wote kwa mkono. Shahidi akienda mbio, aligonga meza kwa mfuniko wa kalamu ya Bic, mara mbili, bila kuinua macho.